Saa 24 na Mwenzi Wako: Ndoa Yenu Ingeweza?

*Wamestaafu, wana wajukuu, na wangeweza kukaa barazani wakisubiri jioni. Badala yake wanafunga mabegi na kwenda kufanya kazi bila mshahara katika nchi wasiyoijua, wawili, tangu asubuhi hadi asubuhi nyingine. Maisha ya wanandoa wazee wamisionari yana somo kwetu sisi ambao hata kula chakula cha jioni pamoja ni bahati.*

Ilikuwa wiki ya tatu tangu baba astaafu. Nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Ubungo, saa moja jioni, simu ikaita. Mama. Hakusalimia, wala hakuuliza nimekula nini kama ilivyo kawaida yake. Alisema tu, "Njoo umchukue baba yako."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Kumbe mama wa watu alikuwa amefika mwisho! Baba alikuwa amepanga upya kabati la vyombo bila kumuuliza mtu. Alikuwa amemhoji dada wa kazi kuhusu matumizi ya mkaa. Alikuwa amekaa sebuleni tangu asubuhi, akimuuliza kila anayebisha hodi anamtafuta nani. Mama, ambaye alistaafu ualimu miaka miwili kabla yake na kuizoea nyumba yake, alijiona kama mfanyakazi aliyeletewa bosi mpya.

Hawa ni watu waliooana miaka 34. Hawajawahi kutengana wala kufikishana kwenye kikao cha ukoo. Lakini hebu tupige hesabu. Kwa miaka yote hiyo baba alitoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Jumamosi kuna harusi, kuna msiba, kuna kikao cha harusi nyingine. Jumapili kanisani, kisha wageni. Sidhani kama waliwahi kukaa siku nzima wawili tu, bila mtoto, bila mgeni, bila ratiba ya mtu mwingine. Baba alipofikisha miaka 60 alilipwa mafao yake kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyemwandaa kuishi na mke wake.

Wenye vibao vyeusi kifuani

Mwezi huohuo ndipo nilipowatazama vizuri watu ambao huenda hata wewe umewahi kupishana nao. Walikuwa mbele yangu kwenye foleni ya kulipia dukani: wazungu wawili, mtu na mkewe, nywele nyeupe kama pamba. Mume anasukuma kitoroli, mke ameshika orodha. Kila mmoja ana kibao kidogo cheusi kifuani chenye jina lake na jina la kanisa. Kwenye kitoroli mlikuwa na balbu nane, mashuka, ndoo mbili za plastiki na mfuko mkubwa wa unga wa ngano.

Balbu nane za nini? Nikauliza. Ni za nyumba za vijana, wakaniambia. Na nyumba hizo wanazizungukia wao.

Hao ni wanandoa wazee wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi tunalijua kwa jina la Wamormoni. Makao yake makuu ni Salt Lake City, Utah, Marekani. (Na kabla hujauliza: ndiyo, zamani walioa wake wengi, lakini kanisa lilitangaza kuachana na jambo hilo mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili hufukuzwa.) Kenya walitambuliwa rasmi mwaka 1991, Tanzania mwaka 1992.

Wamisionari wao tunaowazoea mitaani ni vijana: mashati meupe, tai, wawili wawili. Wa kiume hutumika miezi 24, wa kike 18. Hapa kwenye Kiswahili kuna kichekesho kidogo. Kijana wa miaka 19 anaitwa "Mzee", kwa sababu hicho ndicho cheo chake kanisani, na bibi wa miaka 70 mwenye wajukuu kumi anaitwa "Dada". Ukiwa mgeni lazima ugeuze shingo kuona anayeitwa ni nani.

Kijana hupewa mwenzake wa kutumika naye, mtu ambaye hakumchagua, na sheria inawataka wasiachane. Wanandoa wazee nao wana mwenza. Tofauti ni kwamba huyu walimchagua wenyewe, pengine miaka 40 iliyopita, na sasa ndio wanapata nafasi ya kumjua.

Masharti ya safari

Usifikiri ni likizo ya kwenda kuona tembo. Masharti yake ni kama ifuatavyo.

Kwanza, lazima wawe wameoana na wasiwe na watoto wanaowategemea nyumbani. Pili, wapite vipimo vya afya, kwa sababu kanisa halitaki kumpeleka mtu mwenye moyo dhaifu mahali ambapo daktari wa moyo yuko mbali. Tatu, muda ni kati ya miezi 6 na 23, na wanakubaliana wenyewe ni upi wataumudu.

Nne, na hapa ndipo wengi wetu tutashtuka, wanajilipia. Hakuna mshahara. Kodi, chakula na dawa vinatoka kwenye pensheni na akiba yao. Mwaka 2011 kanisa liliweka kikomo kwenye gharama ya makazi, dola 1,400 kwa mwezi, ili wenye kipato cha kawaida wasiogope kupangiwa miji ya gharama kubwa. Maana yake ni kwamba watu hawa walianza kuweka akiba ya safari hii wakiwa bado kazini. Wengine waliipanga wakiwa na umri kama wako na wangu.

Kisha kuna jambo dogo lililonivutia kuliko yote. Mwito unakuja kwa wote wawili. Mke hasindikizi mume. Naye ni mmisionari kamili, mwenye kibao chake na kazi yake. Kabla ya kuondoka wanapata mafunzo ya takriban wiki moja, wengi wao katika kituo kilichopo Provo, Utah, wakiwa wamekaa dawati moja kama wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Vibao viwili. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Siku yao inakwendaje?

Hakuna siku mbili zinazofanana, na kazi zinatofautiana. Lakini hebu tuwafuate wanandoa wa mfano waliopangiwa ofisi ya misheni katika jiji letu lolote la Afrika Mashariki.

Asubuhi wanasoma maandiko na kusali pamoja. Kifungua kinywa hakina chai ya rangi wala kahawa, kwani imani yao inakataza vyote viwili, pamoja na pombe na tumbaku. Fikiria basi mtihani wao kwenye nyumba za Waswahili, ambako mgeni hata kabla hajakaa kikombe kimeshafika! Wenye busara hujifunza mapema kuomba maji ya mchaichai au tangawizi, ili mwenyeji asione kwamba amekataliwa.

Saa 3 wako ofisini. Kama ulidhani mmisionari anashinda akihubiri, sahau. Hapa kuna vibali vya kuishi vya vijana vinavyokaribia kwisha. Kuna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kuna gari lililogongwa ubavuni, kuna umeme wa LUKU ulioisha usiku, kuna kijana anayeumwa tumbo na anaogopa kusema. Wanandoa wa ofisini ndio wahasibu, makarani, madereva na, tuseme ukweli, wazazi wa kambo wa vijana wote hao.

Mchana wanakwenda kukagua nyumba za vijana. Vyandarua vipo? Maji ya kunywa yanachujwa? Chooni pakoje? Mke anafungua jokofu na kufunga haraka. Mume anabadilisha balbu. Mara nyingi wanaacha kitu cha kula, maana bibi ni bibi popote alipo.

Wengine hawapangiwi ofisi kabisa. Wapo wa misaada ya kibinadamu, wanaofuatilia visima, viti mwendo na vifaa vya hospitali. Wapo madaktari na wauguzi wastaafu. Mpango wa Helping Babies Breathe, unaowafundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ile ya kwanza ya kuzaliwa, ulizinduliwa mwaka 2010, na kanisa hili limekuwa miongoni mwa washirika wake. Wapo wanaofundisha vijana kuandika mpango wa biashara. Wapo wanaofundisha kinanda ili kanisa dogo lenye waumini 40 lipate mpigaji wake mwenyewe. Na wapo wanaohudumu kwenye mahekalu, kama la Kinshasa lililowekwa wakfu Aprili 2019 na la Nairobi lililofuata Mei 2025. Huko wenyeji nao wanajitolea.

Jumapili ibada ni ya saa mbili (hadi mwaka 2018 ilikuwa tatu). Wanandoa wetu wa mfano wanapangiwa tawi dogo, wanakaa benchi la nyuma na Kiswahili chao cha kuokoteza, wakimtabasamia kila mtoto. Wazee hawabanwi kujua lugha kama vijana. Wanaojitahidi ndio hupendwa, na wasiojitahidi hubaki wageni mpaka siku ya ndege.

Jioni wanarudi nyumbani. Wawili. Hakuna mtoto wa kumuuliza shule ilikuwaje, hakuna jirani wa zamani. Umeme ukikatika hakuna hata televisheni ya kujificha nyuma yake.

Hapo ndipo kazi inapoanza

Tujiulize kwa uaminifu, wewe na mimi. Unamjua mwenzi wako kazini? Namaanisha unajua anavyoongea na mtu anayemchelewesha, anavyopanga meza yake, anavyokasirika mtandao unapokwama? Wengi wetu tunawajua wenzi wetu wa jioni tu, wakiwa wamechoka, na wa wikiendi, wakiwa wamevalia harusi.

Sasa chukua mwanamume aliyeongoza watu 50 kwa miaka 20. Mweke ofisi moja na mkewe, ambaye kwenye kompyuta ni mwepesi kuliko yeye. Yeye anaandika kwa kidole kimoja, mke anamaliza hesabu ya mwezi kabla ya saa sita. Nani bosi? Au chukua mwanamke aliyeendesha nyumba yake miaka 40 bila kuingiliwa. Leo jikoni ni la kupanga, sufuria ni mbili, na mume yupo hapohapo anatazama.

Huu ndio mtihani ambao hautajwi kwenye picha za kuaga uwanja wa ndege. Joto, malaria na barabara vina kinga na dawa zake. Ugomvi wa wawili kwenye gari, mmoja akiendesha upande wa kushoto kwa mara ya kwanza maishani na mwingine akipiga kelele "bodaboda!", hauna dawa zaidi ya kuombana msamaha kabla ya kushuka.

Na kuna yale yanayouma kweli. Mjukuu anazaliwa na wao wanamwona kwenye simu. Rafiki wa miaka 50 anafariki. Mama mzazi wa mmoja wao, mwenye miaka 90, anasahau majina. Vijana wamisionari waliruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki kuanzia Februari 2019 tu. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama. Wazee hawabanwi hivyo, wanaweza kuongea na watoto wao. Lakini simu ya video haibebi mtoto mgongoni. Kila mmoja ana usiku wake wa kulia, na mtu pekee aliyepo chumbani kumfuta machozi ni yule aliyekuwa akibishana naye kwenye gari mchana.

Ndio maana nasema vibao viwili si jambo dogo. Wazazi wangu walipewa nyumba moja bila kazi ya pamoja, wakaanza kugombania kabati. Hawa wanapewa kazi moja, na kabati linakuwa kabati tu.

Walipokuwa wakiachana, na walipokuja pamoja

Haikuwa hivi siku zote. Zamani utume ulivunja siku za ndoa vipandevipande. Mwezi Septemba 1839, Brigham Young, ambaye baadaye alikuwa rais wa kanisa hilo, aliondoka kwenda Uingereza akiwa mgonjwa wa kushindwa kutembea vizuri. Mkewe, Mary Ann, alibaki naye mgonjwa, akiwa na kichanga cha siku kumi na watoto wengine mikononi. Historia ilimsifu aliyeondoka. Kuhusu aliyebaki na ndoo tupu, iliandika kidogo.

Sasa ruka hadi mwaka 1978. Na hapa sisi Waafrika lazima tuseme jambo lote, hata kama linakera. Kwa zaidi ya miaka mia moja kanisa hili liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na watu weusi wote, wake kwa waume, ibada kuu za hekaluni. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978. Wakati huo huko Nigeria na Ghana kulikuwa na watu waliokuwa wamesoma vitabu vya kanisa hilo na kusali kwa jina lake kwa miaka, wakiandika barua Salt Lake City kuomba watumiwe mtu. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Anthony Obinna.

Waliotumwa Novemba 1978 walikuwa ndoa mbili za watu wazima: Rendell na Rachel Mabey, pamoja na Edwin na Janath Cannon. Rendell Mabey alikuwa na umri wa takriban miaka 70. Janath Cannon alikuwa ametoka kwenye uongozi mkuu wa jumuiya ya akina mama wa kanisa lake. Tarehe 21 Novemba walibatizwa watu 19, Obinna akiwa wa kwanza, na siku hiyohiyo mkewe Fidelia akakabidhiwa uongozi wa akina mama wa tawi jipya. Mwaka mmoja baadaye, waliobatizwa Nigeria na Ghana walikuwa zaidi ya 1,700.

Uwe unakubaliana na imani yao au hukubaliani, ona kilichotokea. Ilipofika kazi ngumu kuliko zote, ya kubisha hodi kwa watu uliowafungia mlango muda mrefu, walipelekwa watu na wake zao. Mtu anayekuja na mkewe unaweza kumpima. Unaona anavyomsikiliza, anavyompa kiti, anavyokubali kusahihishwa mbele ya watu. Mahubiri yanaweza kukaririwa, lakini ndoa haikaririki.

Lakini wanasaidia kweli?

Swali la haki, na nimelisikia kwa rafiki zangu wanaofanya kazi kwenye mashirika. Miezi 18 inatosha nini? Mgeni anapoanza kujua njia za mtaa, muda umekwisha. Kisima kinachochimbwa bila kamati ya kijiji ya kukitunza hugeuka kumbukumbu siku pampu inapokufa. Na wapo wanaokereka kwamba msaada na dini vinakuja kwenye gari moja.

Hoja hizo ni nzito na sitazizima kwa neno tamu. Wanandoa wanaofaa ni wale wanaojua kwamba wataondoka. Hao humfundisha karani mwenyeji kuandika hesabu badala ya kuziandika wenyewe. Humwachia mpigaji kinanda kinanda chake. Wanaotaka kushikilia kila kitu huondoka na kila kitu kikaanguka nyuma yao. Kwa bahati mbaya, hata kwenye ndoa ni hivyohivyo. Mume anayejua peke yake nywila za benki, au mke anayejua peke yake deni la duka, anamwachia mwenzake shimo.

Sisi tunaofukuzana na foleni

Utasema, dada yangu, hayo ni ya wenzetu wenye pensheni za dola. Sisi tukistaafu tunarudi kulea wajukuu, kulipa ada za watoto wa marehemu kaka, na kumalizia nyumba iliyosimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Ni kweli. Familia zetu ni pana, na mzee wa Kiafrika kwa kawaida hastaafu majukumu.

Lakini samaki mkunje angali mbichi. Wale wa kwenye foleni ya dukani hawakujifunza kusukuma kitoroli kimoja wakiwa na miaka 68. Na mwenye kuona kwamba wakati wa ndoa utakuja baadaye, kazi ikipungua na watoto wakikua, ajue kwamba wakati huo ukifika utamkuta na mgeni. Hebu jaribuni haya kuanzia mwezi huu:

1. Tafuteni kazi moja ya kujitolea ya wote wawili. Kutuma mchango kwa simu hakuhesabiki. Jumamosi moja kwa mwezi, kwenye kituo cha watoto, wodini, kanisani au msikitini kwenu, shuleni mtaani. Mwende wote na mrudi wote.

2. Badilishaneni ubosi. Kazi hii aongoze mke, ile aongoze mume. Aliyeongozwa asikosoe mpaka mfike nyumbani. Si mchezo, lakini inawezekana.

3. Jipimeni siku nzima. Siku moja, wawili tu, bila televisheni na simu zikiwa droo moja. Kama saa 6 mchana mmeshaishiwa maneno, mmejua mahali pa kuanzia.

4. Zungumzeni uzee kwa tarakimu. Kila mmoja ana kiasi gani kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii? Mnataka mfanye nini mkiwa na miaka 60, na kitagharimu kiasi gani? Ndoto isiyo na bajeti ni stori ya barazani.

5. Pimeni presha na sukari pamoja. Wanandoa wazee wanaweza kuzuiwa safari na afya, hata kama pesa ipo. Miili ya miaka 65 inajengwa au kubomolewa kwenye chipsi za usiku wa miaka 30.

6. Acheni nafasi ya kupumua. Kuwa pamoja saa 24 si kugandana. Huyu atembee asubuhi, yule asome jioni. Anayerudi huwa na cha kusimulia.

Turudi kwa baba

Sikwenda kumchukua. Nilimwambia mama avumilie, ushauri wa kijinga ambao watoto wote huwapa mama zao.

Kilichowasaidia hakikutoka kwangu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alimfuata mama. Kuna watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma, angeweza kuwasaidia mchana mara mbili kwa wiki? Malipo hakuna. Mama akakubali, nadhani zaidi ili atoke nyumbani. Wiki ya pili baba akamsindikiza kwa sababu alikuwa na mzigo wa vitabu. Akaona watoto watatu wamebanana kwenye dawati lililovunjika mguu. Kesho yake alirudi na nyundo na misumari.

Sasa ni mwaka wa pili. Jumanne na Alhamisi wanaondoka saa 7 na nusu, yeye na kisanduku cha zana, mama na kadi zake za herufi. Hawana vibao vyeusi. Baba bado anapanga kabati la vyombo, na mama bado analipangua. Lakini nimemsikia akimuuliza mkewe mezani, kwa sauti ya mtu anayesubiri maagizo, "Leo tunaanza na darasa gani?" Kwa miaka yote niliyoishi kwao sikuwahi kumsikia akimuuliza mama swali la namna hiyo.

Juzi mama alinipigia tena, nami nikiwa Ubungo palepale. Hakusalimia. "Baba yako amepoteza nyundo," alisema, "na anasema nimeikalia mimi." Nyuma yake nilimsikia mzee akilalamika, kisha wote wawili wakaanza kucheka, wakasahau kwamba nipo kwenye simu.